Jumamosi kwa Matroni

Matroni hakucheza na mtu ambaye hajanawa mikono. Ungefika kwake umetoka kuoga, umevaa nguo za kanisani, bado angekuonyesha beseni kwa kidevu. Kulikuwa na sabuni ya kipande, maji ya birika na taulo nyeupe iliyopigwa pasi. Ukinawa haraka anakurudisha: "Hapo ni juu tu. Na kati ya vidole?" Mimi ni mtu wa vipuri vya magari, grisi iliingia kwenye kucha zangu ujanani na nadhani nitazikwa nayo, kwa hiyo kila Jumamosi yangu ilianza na hiyo aibu ndogo.

Mtaani kwetu Kisumu kila mtu alimwita Matroni, hata watoto waliozaliwa akiwa ameshastaafu. Alikuwa amesimamia wodi za hospitali kwa miaka mingi, na alipoacha kazi alihamishia utawala wake barazani, kwenye meza ya mraba, akifundisha watu briji. Si ile kadi ya vijana wa stendi, wala si poka. Briji ni ya watu wanne, wawili wawili, kila mtu anamtazama mwenzake ng'ambo ya meza. Kwanza mnanadi kwa maneno machache, halafu mnacheza.

Namwandika kwa sababu ya swali lililoulizwa juu yake mwaka jana, swali lililonichoma. Kiharusi kilimpata, kikachukua mkono wa kulia na maneno yote. Watu wakaanza kumzungumzia mbele yake kana kwamba ni kabati. Binti yake akaja kutoka Nairobi kumchukua, nyumba ifungwe, na akatuuliza kwa uchungu wa kweli: "Kwani nyinyi mnaamini bado yuko ndani?" Sisi watatu wa mezani tuliamini. Ila kuamini kwetu hakukumsaidia mtu yeyote, na ili ueleweke ugumu wake, inabidi kwanza nikuonyeshe alikuwa mtu wa namna gani.

Nilimjua kwa sababu ya gari lake kuukuu. Alikuja dukani kwangu Mamboleo kutafuta mkanda wa feni, akatukuta tunacheza kadi juu ya pipa la oili. Hakuuliza mkanda. Alisimama nyuma yangu, mkoba mkononi, akaangalia mpaka mchezo ukaisha. Kisha akasema, "Umeshika malkia wa kopa muda wote, na mwenzako alikuwa anamtafuta. Umemwangalia usoni hata mara moja?" Nikamwambia mama, mkanda wako huu hapa. Akaupokea. "Una kichwa, lakini huna adabu ya mezani. Jumamosi, saa nane." Nilikasirika wiki nzima, nikamsimulia kila mteja jinsi mwanamke alivyonidharau kwenye duka langu mwenyewe. Jumamosi nikaenda.

Kwa wasiojua, kunadi kwenye briji ni kuahidi. Unaahidi kwamba wewe na mwenzako mtashinda mizunguko mingapi kati ya kumi na mitatu, na ni aina ipi, kopa, jembe, daimondi au maua, itakuwa turufu, yaani itakayokata zingine. Huruhusiwi kumwonyesha mwenzako ulicho nacho, wala kumkonyeza. Una namba, una majina ya karata, una neno pasi, basi. Kwa vijineno hivyo unamweleza mkono wako wote.

Nilipangiwa mwenzangu mama mmoja anayenunua omena, dagaa wa ziwani, ufukweni Usenge na kuzileta mjini, tukamwita Mama Usenge. Siku yangu ya kwanza akafungua mnada: kopa moja. Mimi nilikuwa na takataka mkononi, kopa mbili za chini kabisa. Nikajikohoza, nikasema kopa nne. Hiyo ni ahadi ya mizunguko kumi, maana namba unayonadi huhesabiwa juu ya sita. Tuliadhirika.

"Ulikuwa na nini?" Matroni akaniuliza.

"Nilikuwa na nia nzuri."

"Nimeuliza karata."

"Sasa Matroni, mama amesema kopa. Nimwache hapo na kopa moja kama mtu hana watu?"

Mama Usenge naye hakuona kosa. "Amenipandisha vizuri," akasema. "Sijakasirika."

Matroni akavua miwani. "Nyinyi watu wa ziwa mtaniua. Hii si pakruok." Pakruok ni ule mtindo wetu wa kusimamisha muziki katikati ya sherehe ili mtu ajisifu, amsifu na rafiki yake, na rafiki naye apande juu zaidi. Tumekulia humo. Ukiniambia mtu amejitaja nami ninyamaze, ninahisi nimemtukana. Matroni aliliona kosa hilo kwa kila mwanafunzi aliyekaa pale, maprofesa na mafundi, na dawa yake ilikuwa moja.

"Zamu ikibadilika," alisema, "nesi anayetoka anampa ripoti anayeingia. Kitanda cha tatu, joto iko hivi, amekunywa maji, hajakojoa. Hasemi kitanda cha tatu ni jogoo ya Seme. Ukimpamba mgonjwa, yule anayekuamini ndiye atamuua. Mimi nakuamini. Kwa hivyo nipe ripoti, nyathina. Kama huna kitu sema pasi, hiyo pia ni ripoti."

Nyathina, mwanangu. Nilikuwa na mvi tayari. Lakini kusema pasi kulinitesa, nikwambie ukweli. Kila nikilitamka nilihisi nimekaa sherehe nzima bila kuinuka. Ilichukua muda mrefu mpaka siku moja nikasema pasi, mnada wa Mama Usenge ukasimama hapo hapo na akashinda, na nikaelewa kwamba nilikuwa nimemsaidia kwa kunyamaza.

Katika kucheza kwenyewe alikuwa na desturi nyingine. Mnada ukiisha, mwenzake wa yule aliyeshinda mnada analaza karata zake mezani wazi. Huyo tunamwita dami, na dami haruhusiwi kusema neno mpaka mwisho. Karata za dami zikishalala, Matroni aliweka mikono yote miwili mapajani, akatazama. Hakugusa kitu. Maji ya chai yangeweza kuchemka akiwa bado anatazama. Alihesabu mizunguko iliyo yake hakika, akatafuta inayopungua itatoka wapi, na mwisho akajiuliza kwa sauti ya chini, "Nani asiingie?" Maana kila mara kuna adui mmoja mwenye karata za kukuumiza, na kazi yako ni kuhakikisha hapati nafasi ya kuzitumia. Sisi tuliokuwa na haraka alitukalisha hivyo hivyo, mikono mapajani, kama watoto wa Sunday skuli. "Mgonjwa hafi kwa sababu umefikiria kidogo," alisema. "Anakufa kwa sababu umekimbia na sindano."

Ili nijifunze kukumbuka karata zilizopita, alinituma Kibuye siku ya soko. Nisinunue kitu. Niangalie kibanda kimoja asubuhi, nirudi mchana, nimwambie kilichouzwa kwa kutazama kilichobaki. Nilisimama mbele ya mama wa blanketi nikimeza orodha kichwani, midomo inacheza, hadi majirani zake wakadhani natoka kaunti kudai ushuru. Mmoja akaanza kufunga turubai lake. Nilipomsimulia Matroni alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akauliza, "Na blanketi za kijani zilibaki ngapi?"

Mtu wa nne mezani alikuwa mwalimu wa sekondari, kijana mpole, na hapo kulikuwa na shida ambayo Matroni hakuijua alipomwalika. Mwalimu alikuwa amemuoa binti wa Mama Usenge. Kwetu mkwe na mama mkwe, yaani maro, hawakai wakitazamana, hawali pamoja, na wanaongea kwa kuchunga. Siku ya kwanza Mwalimu alifika, akamwona maro wake ameshakaa, akarudi nyuma hadi karibu aanguke kwenye ngazi. Matroni akapanga viti upya: Mwalimu akae kinyume na yeye, na mimi nikae kinyume na Mama Usenge, ili wakwe wasitazamane kamwe. Tukaanza. Katikati ya mchezo Mama Usenge akaweka esi ya daimondi, karata kubwa kuliko zote za aina yake. Mwalimu hakuwa na daimondi hata moja, na alikuwa na turufu. Kazi yake ilikuwa kuikata tu. Akatoa karata ndogo ya maua isiyo na maana, akailaza taratibu. Yeye na Matroni walishindwa kwa mzunguko huo mmoja.

"Ulikuwa na turufu," Matroni akamwambia.

"Nilikuwa nayo."

"Kwa nini hukukata?"

Mwalimu akaangalia sakafu. "Matroni, mimi siwezi kukata esi ya maro."

Mama Usenge naye alikuwa amegeuza uso, anaangalia ukuta, na niliona kwamba moyoni amefurahi kuheshimiwa. Matroni hakucheka. Alifikiri, mikono mapajani, kisha akatoa hukumu. Mezani hakuna maro wala mkwe. Kuna Kaskazini, Kusini, Mashariki na Magharibi, na Mama Usenge ni Mashariki hadi karata zirudi kwenye boksi. Kuanzia siku hiyo Mwalimu alikata bila huruma. "Samahani, Mashariki, nakata." Karata zikirudi kwenye boksi, Matroni huyo huyo aliyefuta undugu ndiye aliyempelekea Mwalimu chai yake kwenye ngazi, mbali, ili maro wake anywe kwa amani.

Alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Mtu huyu wa kupanga kabla ya kugusa aliendesha gari bila mpango wowote. Aliingia barabarani kwanza, kisha akaamua anakwenda wapi, na maneno aliyowaambia watu wa bodaboda siyaandiki hapa. Hakumsifu mtu kwa mdomo. Ukicheza vizuri sana alisogeza sahani ya nyoyo upande wako, mahindi na maharagwe yake mwenyewe, akaangalia pembeni. Na huyu aliyetutaka tuseme ukweli mtupu kwenye mnada nilimsikia kwa masikio yangu akimdanganya baba yangu. Mzee alikuwa amelazwa, siku zake za mwisho, na Matroni alikuja kumwona. Akamshika mkono, akamwambia, "Mzee, leo una nguvu kuliko jana." Tulipotoka nje akaniambia niwaite ndugu zangu wote kabla ya jioni. Nikamuuliza, na ripoti je? Alinitazama kwa upole ambao sijausahau. "Ripoti ni ya wale wanafanya kazi. Mgonjwa anapewa uji." Nililia pale pale kwenye maegesho na yeye akasimama nami, hakuniharakisha.

Alifundisha mapadri, madaktari, muuza mafuta ya taa. Hakumfundisha binti yake. Niliwahi kumuuliza, nikijua najitafutia makubwa. Alikuwa anapanga karata zake, akaendelea kupanga. "Nilijaribu, akiwa bado mdogo. Nilimsahihisha kila karata, moja baada ya ingine. Akaziweka chini, akatoka nje kucheza. Mimi nikaenda zamu." Kisha akanadi vibaya kabisa karata zile.

Ndiye huyo binti aliyekuja. Nisimseme vibaya, hakuwa mtu mbaya. Kazi yake iko Nairobi, mume na watoto wako huko, na mama yake hakuweza kujilisha kwa kijiko. Daktari alimwambia hakuna ajuaye kiasi gani cha Matroni kimebaki. Akimsemesha, Matroni alimtazama tu. Akimuuliza kitu, ilitoka sauti moja ile ile, ya ndiyo na ya hapana. Binti akaacha kuuliza, akaanza kuamua. Mabegi yakafungwa, safari ikapangwa Jumamosi, siku ya meza.

Sisi watatu tukaenda siku mbili kabla. Nilikuwa nimemwomba seremala wa Kibuye anichongee kibao chenye mfereji, karata zisimame zenyewe bila kushikwa. Binti alitukuta mlangoni. "Mtamchosha tu," akasema. "Na akishindwa ataumia zaidi." Hilo nami nililiogopa. Kama Matroni angezitazama karata kama alivyotutazama sisi, basi binti alikuwa na haki, na mimi ningekwenda nyumbani nikiwa nimemzika mtu aliye hai. Mama Usenge alimpita mlangoni. Alileta beseni, akamnawisha Matroni mikono yote miwili, na ule usiosikia, kidole kwa kidole. Tukakaa. Binti akasimama nyuma ya kiti cha mama yake, mikono kifuani.

Nikagawa. Nikamwambia aonyeshe namba kwa vidole vya kushoto, kisha aguse aina ya karata kati ya nne nilizozilaza mezani, na kama hataki turufu atufunulie kiganja. Karata zikasimama kwenye kibao. Akazitazama kwa muda mrefu sana. Mwalimu, mwenzake, akanadi kwanza, daimondi moja. Mama Usenge akasema pasi. Matroni akainua vidole vitatu. Kisha akafungua kiganja. Tatu bila turufu, ahadi ya mizunguko tisa. Mwalimu akalaza karata zake, na kwa kuwa sasa yeye ndiye dami, akafunga mdomo.

Mimi ndiye niliyeanza kucheza. Nilikuwa na kopa tano nzuri, nikatoa mfalme. Matroni alikuwa na esi ya kopa, binti aliiona wazi kutoka pale nyuma. Mkono wa kushoto ukaenda kwenye kibao, ukapita juu ya esi, ukatoa nne.

"Ana esi," binti akasema polepole. "Iko hapo, naiona. Amesahau."

Nikatoa malkia wa kopa. Mkono ukaenda tena, ukaipita esi tena, ukatoa saba.

"Basi," binti akasema. "Basi jamani, mwacheni. Mmeona wenyewe." Alikuwa analia. Mwalimu alikuwa anatokwa jasho, ameuma midomo, maana dami haongei. Mimi nilihesabu kopa zilizokwisha kutoka. Nilikuwa nimeanza kuona kinachonipata.

Nikatoa kopa ya tatu. Sasa akaweka esi. Kutoka hapo alicheza bila kusita, karata zake na za dami. Aliniachia mimi kopa mbili, akampa Mama Usenge mzunguko mmoja wa maua, na Mama Usenge alipoupata hakuwa na kopa hata moja ya kunirudishia, zilikuwa zimemwishia katika ile mizunguko mitatu. Kopa zangu mbili zilizobaki nilikufa nazo mkononi. Matroni akafikisha tisa, na moja juu.

"Mmemwachia," binti akasema.

"Nimwachie mimi?" Mama Usenge akamgeukia. "Mama, mimi hata omena sijawahi kumwachia mtu."

Nikazifunua karata za watu wote wanne mezani, nikamweleza binti. Kama mama yako angeweka esi mwanzoni, Mama Usenge angebaki na kopa za kunirudishia, nami ningemmaliza. Aliificha hadi zikamwisha mwenzangu. Alijua ni mimi nisiyetakiwa kuingia. Nimecheza naye miaka, na hajawahi kunifunga vizuri hivi.

Binti alizitazama karata. Baadaye akauliza, "Kwa hivyo aliiona esi?"

"Tangu mwanzo."

"Na mimi nikisema amesahau, alinisikia?"

 Akazunguka kiti, akapiga magoti mbele ya mama yake, akamshika ule mkono mbovu. "Mama, sijakuuliza. Nimepanga kila kitu na sijakuuliza. Unataka kubaki hapa nyumbani?"

Tulisogea mbele wote watatu. Nilitaka atikise kichwa kukubali, nilitaka sana, nilikuwa tayari nimeshapanga moyoni nani atampikia na nani atalala. Matroni akatutazama mmoja mmoja. Akakataa kwa kichwa. Liliniuma, sitaki kuficha.

"Unataka twende?"

Hapo hakukubali wala hakukataa. Alizikusanya karata kwa mkono wa kushoto, zikimponyoka, akizirudia, na hatukumsaidia. Akazisukuma juu ya kitambaa hadi kwenye kiti cha Mwalimu, akamtazama binti yake. Mwalimu akainuka bila kuambiwa, akaenda kukaa kwenye ngazi.

Binti akakaa kinyume na mama yake. "Sijui chochote, Mama," akasema. "Nilisahau zote." Nikagawa. Alizishika vibaya, zikifunguka kama mtu aliyebeba kuni nyingi, na karata ya kwanza aliyocheza ilikuwa mbaya, hata Mwalimu kule kwenye ngazi angeiona. Mkono wa Matroni ukainuka. Niliuona ukiinuka, kidole kimenyooka. Ukakaa hewani, kisha akaurudisha mapajani, akasubiri.

Walicheza mpaka jua likaanza kushuka, na Jumamosi wakaondoka pamoja. Mimi nilibeba mabegi. Meza tukaihamishia nyuma ya duka langu Mamboleo, na tunacheza watatu na yeyote tunayemkamata.

Juzi binti alipiga simu, Jumamosi, saa nane na kitu. Wako mezani, akasema, yeye na mama yake dhidi ya mume wake na jirani wa ghorofa ya chini. Alikuwa ananong'ona. "Nina kopa tano, lakini pointi nane tu za karata kubwa. Mama amefungua jembe moja. Nisemeje?"

Nikaanza kumweleza. Nyuma yake nikasikia sauti, nzito, ikivutwa pole pole, neno moja, halafu kimya, halafu jingine. Ilikuwa ya Matroni. Niliweka chini bolti niliyokuwa nimeishika, mteja ananiangalia.

"Anasema nini?" nikauliza. "Anasema nini?"

"Anasema nikate simu," binti akasema. "Eti ni zamu yangu."

Akakata.